Zimwi Limekula Rekodi Zako

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno manne tu: Zimwi limekula rekodi zako. Ilijitokeza kwenye skrini ya kompyuta kuukuu ndani ya godauni moja hapa Shimanzi, saa tano asubuhi, na aliyeisoma alikuwa Ami, karani wa stoo, mzee ambaye miaka yote kabla ya hapo hesabu zake zilikaa kwenye daftari la kava gumu. Alisoma kwa sauti. Akasoma tena, polepole, kidole kwenye skrini. Akasema Bismillahi, akainama chini ya meza, akang'oa plagi ukutani.

Hapo ndipo rekodi zilipoliwa kweli.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kuchaji simu kwa sababu stima ya kwetu ilikuwa imepotea tangu alfajiri. Ami akanigeukia. "Mwanangu, hini mashine yenu ina zimwi. Mbona hamkun'ambia mapema?"

Ile "yenu" ilikuwa haki yangu. Programu ile ya kuhesabu mali ya stoo niliiweka mimi, bure, na Kiswahili chake ni kazi yetu watu sita wa kujitolea: kijana wa Likoni, dada mmoja wa Kisauni anayefundisha Kiswahili sekondari, jamaa wawili wa Dar, mmoja aliyeko Muscat, na mimi. Jina la programu nitaliacha, maana ugomvi wake haujaisha.

Kwa asiyepajua Shimanzi, huu ni upande wa kisiwa cha Mombasa unaoegemea bandari ya Kilindini. Matangi ya mafuta, reli, malori yaliyosimama mpaka dereva amesahau anasubiri nini, na magodauni ya chai inayongoja mnada. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko hupita hapa kabla ya kwenda kunywewa Pakistan na Misri. Godauni la Ami ni dogo, na la mchanganyiko: mchele, viberiti, mabati, rangi ya nyumba. Mwenye mali hawezi kununua programu ya stoo ya kulipia kila mwezi. Kwa hivyo akapewa ya bure, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, na ambayo imeandikwa na watu waliotawanyika duniani ambao hawajawahi kukutana.

Sasa, zimwi lilitoka wapi? Kwa Kiingereza sentensi hiyo ilikuwa na gremlin. Gremlin ni kijini cha mitambo. Marubani wa jeshi la anga la Uingereza walimsingizia yeye kila ndege ilipoleta matatizo wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Aliyeandika programu alitaka kumchekesha mtu ambaye mtandao wake umekatika. Akaweka sentensi mbili: ya kwanza kijini amekula data yako, ya pili usijali, kila kitu kimehifadhiwa, kitarudi mtandao ukirudi. Kwa Mwingereza zikisomwa pamoja ni kichekesho kidogo, kama mtu anayekushtua halafu anakupa peremende.

Lakini sisi watafsiri hatupewi sentensi pamoja. Tunapewa moja moja, kila moja kwenye kisanduku chake, na hizi mbili zilikuwa mbalimbali kama Likoni na Mtwapa. Kijana wa Likoni aliitafsiri ile ya kwanza kwenye simu akiwa anasubiri feri. Ya pili ilikuwa bado haijafikiwa, ikabaki Kiingereza, herufi ndogo za kijivu chini ya ile ya Kiswahili, na Ami hakujisumbua nayo. Angengoja dakika kumi tu, kazi yake yote ya asubuhi ingehifadhiwa. Badala yake alimzimia zimwi mashine.

Nataka kumtetea kijana wa Likoni kabla sijaendelea, kwa sababu yaliyofuata yalimwonea. Tafsiri yake ilikuwa nzuri. Hakuandika "gremlini" kama ambavyo mvivu angeandika. Alikumbuka methali, zimwi likujualo halikuli likakwisha, akaona ndani yake mna faraja ileile iliyokusudiwa: umeliwa kidogo, hukwishi. Nani mwingine angepata hilo akiwa amesimama juani na watu mia tano wenye mabegi? Kama kipimo ni Kiswahili, alishinda. Tatizo ni kwamba zimwi la Ami halikuwa zimwi linalomjua.

*

Ukiingia katika ulimwengu wa programu huria ukitarajia ofisi, utashangaa. Ni kijiwe. Lugha ya Python haikupewa jina la chatu. Aliyeibuni, Guido van Rossum, alikuwa anapenda kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Git, ambayo leo inahifadhi msimbo wa nusu ya mashirika unayoyajua, ni neno la mtaani la Waingereza la kumwita mtu asiyevumilika, na Linus Torvalds alipoitoa mwaka 2005 alitania kwamba huwa anaita miradi yake kwa jina lake mwenyewe. Huko Dar, mwaka 2004, mradi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na mradi wenyewe ukaitwa Kilinux. Ki-linux! Ukisikia tu unajua kuna mtu alicheka siku jina lilipopatikana, halafu akarudi kupambana na neno la "folda".

Na kuna 418. Tovuti ikikosa ukurasa inakupa namba 404. Hiyo kila mtu anaijua. Namba 418 maana yake ni "mimi ni birika". Ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1998, Larry Masinter alipoandika waraka wa kiufundi, kwa lugha nzito kabisa ya wahandisi, unaoeleza jinsi ya kuamrisha mashine ya kahawa kupitia intaneti. Ukiliambia birika la chai likupikie kahawa, linakujibu 418. Mzaha wa Siku ya Wajinga. Lakini waandishi wa programu wakauweka ndani ya zana za kweli, ukakaa miaka. Mwaka 2017 mhandisi mmoja mkubwa wa viwango vya intaneti, Mark Nottingham, akaomba utolewe: namba hizi ni chache, siku moja tutahitaji hiyo nafasi kwa jambo la maana. Hoja yake haikuwa mbaya. Kijana wa miaka 15, Shane Brunswick, akafungua tovuti ya kuliokoa birika, watu wakaja kwa wingi, na birika likabaki. Mwaka 2022 viwango vipya viliiandika 418 kuwa haitumiki lakini imetengwa, yaani hakuna wa kuigusa. Mwaka huohuo, vita vya Ukraine vilipoanza, iliripotiwa kuwa tovuti ya wizara ya ulinzi ya Urusi ilikuwa inawajibu watu wa nje ya nchi kwa namba hiyo. Mimi ni birika. Hapo sijui ucheke au ufanyeje.

Mzaha ninaoupenda zaidi ni wa Debian. Kuna amri ya kusakinisha programu, ukiiongezea neno la mlio wa ng'ombe inakuchorea ng'ombe kwa herufi, anakuuliza kama leo umelia kama yeye. Basi. Hafanyi kitu kingine. Ila ng'ombe huyo hamjii mtu asiyemwita. Unaweza kutumia Debian miaka 10, uendeshe nayo benki nzima, usimwone hata mkia. Waliomficha walijua walikuwa wanamchekea nani.

Wengine hawakujua. Mwaka 2018 waandishi wa Ant Design, mkusanyiko wa vitufe na fomu uliotoka kwenye kampuni ya Alibaba na kutumiwa na maelfu ya tovuti, walificha theluji ndani ya msimbo. Siku ya Krismasi vitufe vikaamka na theluji juu. Tovuti za kazi, za makampuni, hata za serikali ya China, nchi ambayo Krismasi si sikukuu ya taifa, zikawa zimepambwa bila wenyewe kujua. Watu waliozitengeneza wakaanza kupigiwa simu na mabosi. Walipokwenda kulalamika walikuwa na swali moja ambalo sidhani lilijibiwa vizuri: mimi nitamwelezaje bosi kwamba theluji si yangu?

Ndivyo nilivyokuwa mimi mbele ya Ami. Nimwelezeje kwamba zimwi si langu?

*

Swali ambalo watu wa mishahara hawajiulizi ni kwa nini mizaha hii ipo kabisa. Mimi nina jibu, na si la kifalsafa. Mzaha ndio malipo.

Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Tangu hapo kila mlango ninaobisha unauliza cheti kwanza. Naandika makala za kampuni za utalii, maelezo ya hoteli ambazo sijawahi kulala, nalipwa kwa maneno. Kwenye mradi huu hakuna aliyewahi kuniuliza cheti. Nilileta marekebisho ya kwanza, wakayachambua, wakayakataa, wakanionyesha kwa nini, nikaleta mengine. Baada ya wiki mbili mtu wa Muscat akaniandikia kwenye grupu, "Shimanzi, hii koma yako imetoka bandarini bila kulipiwa ushuru?" Nilicheka peke yangu saa saba ya usiku. Pesa sikupata, wala sikutegemea. Lakini nilijua nimekubaliwa, kwa sababu mtu hamtanii asiyemjua.

Waswahili tuna utaratibu wa haya mambo kuliko tunavyojipa sifa. Utani si ruhusa ya kila mtu kumwambia kila mtu chochote. Bibi na mjukuu wanataniana, mume na shemeji zake, mabinamu. Tanzania, makabila mazima ni watani, na mtani huyo anayekusema mbele za watu ndiye anayekuja msibani kwako kufanya kazi, kuchimba, kupika, kubeba. Anamwiga marehemu, watu wanacheka huku wanalia. Hakuna anayemwambia akae kwa heshima, maana jembe lenyewe liko mkononi mwake. Ruhusa ya mdomo inatokana na kazi ya mikono. Hivyo ndivyo ninavyomwelewa Torvalds na jina lake la Git, na hivyo ndivyo ninavyomwelewa jamaa wa Muscat na koma yangu.

Na hapohapo unaona panapoharibika. Mwaka jana aliingia mtu mpya kwenye grupu, wa bara, mwerevu, msimbo wake safi. Siku ya tatu tu, dada wa Kisauni alipochelewa kupitia orodha ya maneno, jamaa akaandika kwamba ndiyo Mombasa raha hiyo, wapwani wamelala chini ya mnazi wanasubiri embe lianguke. Tuliachilia kwanza kuwa mnazi hauzai maembe. Dada yule alikuwa amesahihisha mitihani ya kidato cha nne mpaka saa nne usiku ndipo akafungua kompyuta. Aliandika "haha", kwa herufi ndogo, akanyamaza siku 11. Jamaa alipoulizwa akasema ni utani tu. Hapana. Mtani huja na jembe. Yeye alikuja na mdomo, siku ya tatu.

Torvalds mwenyewe alifika hapo kwa njia yake. Kwa miaka mingi alikuwa akiwatukana watu waziwazi kwenye barua pepe za Linux, na mashabiki wakacheka, wakasema ndivyo alivyo. Septemba 2018 aliomba radhi, akachukua likizo kwenda kutafuta msaada wa kuelewa hisia za watu, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili. Kuna waliolia kwamba uchangamfu umekufa. Mimi sioni kilichokufa. Tusi lenye mkia wa kicheko bado ni tusi, hasa likitoka juu kwenda chini, kwa mtu asiyeweza kujibu.

*

Mwezi mmoja baada ya zimwi, mratibu wa mradi, ambaye yuko Ulaya na sina ugomvi naye binafsi, alituma waraka kwa watafsiri wa lugha zote. Kuna shirika linataka kutumia programu yetu katika nchi kadhaa. Kwa hiyo lugha ibadilike iwe ya kitaalamu. Mizaha itolewe kwenye ujumbe wa programu. Sawa. Itolewe pia kwenye maelezo ya ndani ya msimbo. Haya. Na mazungumzo ya watafsiri yaendeshwe "kwa weledi", yaani, kama tulivyokuja kuelewa, watu waache kuitana Shimanzi na Likoni na kuulizana ushuru wa koma.

Neno weledi ni zuri. Lakini hebu tuulizane: weledi ni wa nani na nani anaulipia? Karani wa benki anavaa tai kwa sababu mwisho wa mwezi kuna kitu kinaingia. Ukimwambia mtu anayetafsiri foleni ya feri, kwa bando lake mwenyewe, kwamba kuanzia leo awe kama karani wa benki, umemwondolea malipo pekee aliyokuwa akipata na hukumpa mengine. Nilimwandikia mratibu hivyo, kwa adabu. Alijibu kwa adabu zaidi. Kijana wa Likoni hakuandika chochote. Alitoka kwenye grupu usiku, kimya, kama mtu anayeondoka arusini kabla ya wali. Jamaa wawili wa Dar wakafuata ndani ya wiki.

Na zimwi likatolewa. Mahali pake pakawekwa sentensi iliyotengenezwa upya na mtu mwingine, aliyeletwa na shirika: "Hitilafu imejitokeza katika mchakato wa usawazishaji wa data na seva." Nilikuwa godauni siku ilipotokea mara ya kwanza. Mtandao ulikatika, sentensi ikaja, Ami akaisoma yote bila kukosea, maana Ami Kiswahili anakijua kuliko mimi. Akanitazama. "Na hini nayo yasemaje?" Kabla sijajibu mkono wake ulishaanza kushuka kuelekea plagi, nikaudaka.

Kwa hiyo yule aliyetumia mzaha na yule aliyetumia weledi walimfikisha mzee mahali pamoja: chini ya meza. Wote wawili walikuwa wanazungumza na wenzao. Kijana wa Likoni aliwazungumzia watafsiri ambao wangeitambua methali, na mtu wa shirika aliwazungumzia watu wa semina. Ami alitaka kujua vitu vitatu tu. Nini kimetokea, mali yangu iko wapi, nifanye nini.

Kuna mafundi wa malori hapa nyuma ya reli. Nikiwa nimekwama na kuandika hukaa karibu nao, kwa sababu wanasema sana. Fundi akiwa chini ya lori hakuna asichokisema: injini yako ina malaria, hili boksi la gia ulirithi kwa babu, nani alikufunga hizi nati, mchumba wako? Dereva anajibu mapigo. Lakini ikifika kurudisha funguo, fundi yuleyule anasimama, anafuta mikono, na sauti inabadilika. Breki ya nyuma nimefunga mpya. Usipite hamsini mpaka Mariakani. Ukisikia harufu, simama. Sijawahi kumsikia akitia neno la kuchekesha hapo, wala sijawahi kumsikia akisema "hitilafu imejitokeza". Na hakuna aliyewahi kumwandikia waraka.

*

Najua jibu la watu wa waraka: weledi si kwa ajili ya sentensi tu, ni kwa ajili ya kuaminika. Shirika haliwezi kukabidhi stoo zake kwa kijiwe cha wachekeshaji. Hoja hiyo ningeiheshimu zaidi kama nisingekuwa nimeisoma habari ya xz.

Xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu katika kila mashine ya Linux duniani. Kwa miaka ilikuwa inatunzwa na Mfini mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu wakaanza kumsukuma: unachelewa, mradi umekufa, mpe mwingine. Aliwajibu kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na kwamba huu ni mradi wa kujitolea, hana mshahara hapa. Alikuwepo msaidizi aliyejiita Jia Tan. Mpole, mwenye subira, analeta kazi kwa wakati. Taratibu akapewa funguo. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, akashangaa mbona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba. Akakuta mlango wa nyuma umefichwa ndani ya xz, na aliyeuweka ni Jia Tan. Mpaka leo hajulikani ni nani.

Ukienda kusoma alivyoandika Jia Tan, utakuta mtu ambaye mratibu wetu angempenda. Safi, mfupi, hana neno la ziada. Sisemi mcheshi hawezi kuwa mwizi. Mombasa tunawajua wachekeshaji wengi wenye mikono mirefu. Nasema tu kwamba adabu ya maandishi haikumlinda mtu yeyote. Na waliomchosha Collin walikuwa wakidai kwake ratiba ya mtu aliyeajiriwa.

Lakini pia sitaki kujifanya kwamba kila mahali panataka kicheko. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake kama kuna mtu anaweza kutengeneza ramani ya mahali ghasia zinapotokea. Kina Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich wakaingia kazini, na ndani ya siku chache ramani ikawa hewani, watu wakituma habari kwa SMS na kwa tovuti. Wakaiita Ushahidi. Msimbo wake ukaachwa wazi, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko, watu wa kujitolea wakitafsiri SMS za Wahaiti waliokwama. Nikifikiria fomu ile ya kwanza, mtu wa Eldoret au wa Kisumu anaandika nyumba ya jirani inachomwa, halafu mtandao unakatika, na programu inamwambia zimwi limekula. Hapana jamani. Hata jina lile, Ushahidi, halina tabasamu hata moja, na lilifaa. Sidhani hata hivyo kwamba wale vijana waliokesha kuandika msimbo hawakutaniana humo ndani wakati wanaandika. Sikuwepo, lakini nimeshawahi kukesha na watu.

Sentensi iliyopo sasa kwenye skrini ya Ami aliiandika dada wa Kisauni, yule wa "haha". Aliyasoma yote, la zimwi na la hitilafu, akayafuta. Akaandika: "Mtandao umekatika. Kazi yako imehifadhiwa kwenye mashine hii. Usiizime, ngoja mtandao urudi." Akaomba pia zile sentensi zilizotenganishwa ziunganishwe kwenye kisanduku kimoja, kwa lugha zote, na hilo mratibu alilikubali bila kelele. Watafsiri wa lugha nyingine walimshukuru. Inaonekana mazimwi hayakuwa ya Kiswahili peke yake.

Kila badiliko kwenye mradi hupewa maelezo mafupi ya kuelezea umefanya nini. Maelezo hayo mtumiaji hayaoni, ni yetu. Dada aliandika maneno mawili: "Zimwi limelala."

Siku mbili baadaye mratibu akauliza. Alikuwa ameyapitisha kwenye mashine ya tafsiri, ikamletea kitu kuhusu jitu na usingizi. Aliuliza, kwa adabu yake ileile, je, haya ni maelezo ya kitaalamu? Dada alikuwa darasani. Nikajibu mimi: ni istilahi. Akashukuru.

Jioni ile, kijana wa Likoni, ambaye hajaonekana mahali tangu Ramadhani, aliweka alama ya kicheko chini ya jibu langu. Neno hakusema. Sentensi mia mbili na kitu zilizokuwa zake bado ziko wazi, nimemwandikia zipo, na nimeona kwamba ujumbe umesomwa.